Shokapu za Pikapu Inayovuta Tela: Namna ya Kuzichagua kwa Msaada wa Fizikia

Katika vijiji vya Issenye na Nata, wilayani Serengeti, mkoani Mara, pikapu si chombo cha starehe. Gari hilo hilo hupeleka pamba mahali inaponunuliwa, huleta saruji na mabati kutoka Musoma, hubeba mapipa ya maji wakati wa kiangazi, na usiku hukimbiza mgonjwa hospitalini Mugumu. Nyuma yake aghalabu hufungwa tela, ambalo mafundi wamelichomelea juu ya ekseli ya gari kuukuu. Hata pale barabara kuu zinapotiwa lami, njia za kuingia vijijini hubaki za udongo na changarawe. Masika udongo mweusi wa mbugani huchimbika makorongo. Kiangazi barabara hukakamaa na kuota vijituta vya mfululizo, vilivyopangana kama mikunjo ya bati.

Kwenye barabara za namna hiyo, kifaa cha kwanza kuchoka ni kile ambacho mafundi wetu hukiita shokapu, yaani kifyonza-mshtuko. Wakati wa kununua mpya ukifika, mwenye gari huambiwa: “Maadamu unavuta tela, chukua zile ngumu kuliko zote.” Ushauri huo una chembe ya ukweli na kosa kubwa ndani yake. Makala haya yanakusudia kueleza kazi halisi ya shokapu, mambo ambayo tela huyabadili katika gari, na namna ya kutumia hesabu za shule ya sekondari kuchagua shokapu zinazofaa. Jambo hili si la fedha tu. Tairi lililo hewani haliwezi kusimamisha gari, wala haliwezi kuligeuza.

Kazi ya springi na kazi ya shokapu

Watu wengi huchanganya vifaa hivi viwili, na hapo ndipo makosa yote huanzia.

Springi ndiyo inayobeba mzigo. Mwaka 1678 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni isemayo kwamba kani ya springi hulingana na kiasi ilichofinywa au kuvutwa. Tuchukue mfano wa springi ya nyuma ya pikapu, ile ya vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, yenye ugumu wa nyutoni 60,000 kwa kila mita. Ukiongeza mzigo wa nyutoni 600 juu yake, itashuka kwa sentimita 1. Ukiuondoa mzigo, itarudi ilipokuwa. Lakini springi ina tabia moja mbaya: nishati iliyoipokea huirudisha karibu yote. Gari likipita shimoni, springi hufinywa, kisha hulirusha gari juu, kisha hufinywa tena, na mchezo huo ungeendelea kwa muda mrefu kama kusingekuwa na kitu cha kuuzuia.

Kizuizi hicho ndicho shokapu. Ndani yake mna pistoni inayosogea katika silinda iliyojaa mafuta. Pistoni ina matundu madogo na vali, na mafuta hayana budi kupenya humo kila gurudumu linapopanda au kushuka. Ukiisukuma shokapu polepole, mafuta hupita kwa urahisi nayo hukubali. Ukiisukuma kwa ghafla, hugoma. Ifahamike basi kwamba kani ya springi hutegemea umbali, ilhali kani ya shokapu hutegemea kasi. Nishati ambayo springi ingeirudisha, shokapu huigeuza kuwa joto, na joto hilo huchukuliwa na upepo.

Kutokana na hayo twapata kanuni ya kwanza kwa mnunuzi: shokapu haibebi mzigo. Gari likiwa limesimama, shokapu ya kawaida haitoi kani yoyote ya kuliinua, na zile zenye gesi husukuma kidogo tu. Kwa hiyo pikapu inayoinama nyuma baada ya kufungwa tela haiponywi kwa shokapu mpya, hata zingekuwa ngumu namna gani. Dawa yake ni kupunguza mzigo, kuupanga upya, au kutengeneza springi.

Tela hubadili nini?

Tela lenye ekseli moja haliburutwi tu. Hulalia pia kulabu ya gari. Kwa kawaida hushauriwa kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela na mzigo wake ikae juu ya kulabu. Ikiwa pungufu mno, tela huanza kuyumba kushoto na kulia. Ikizidi mno, hulemea nyuma ya gari.

Chukua tela lenye kilo 1,500 pamoja na mzigo. Sehemu ya kumi ni kilo 150, yaani nyutoni 1,500 hivi. Tuseme kulabu iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na umbali kati ya ekseli mbili za gari ni mita 3.0. Gari limekuwa wenzo, na ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Momenti ya kulabu ni 1,500 × 1.2, yaani 1,800. Ukigawanya kwa 3.0 utapata 600. Maana yake ni kwamba magurudumu ya mbele yamepunguziwa nyutoni 600, nayo ya nyuma yameongezewa nyutoni 1,500 pamoja na zile 600, jumla 2,100.

Hapa mna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, nyuma ya gari imebeba zaidi ya uzito uliowekwa juu ya kulabu. Pili, mbele pamekuwa pepesi: usukani hulegea, taa huangaza juu, na magurudumu yanayoongoza gari hushika ardhi kwa kani ndogo. Kwa sababu hiyo, anayebadili shokapu za nyuma peke yake na kuacha za mbele zilizochoka amefanya nusu ya kazi.

Hesabu ya ufifishaji

Uwezo wa shokapu kuuzima mtetemo tutauita ufifishaji. Kwa kila springi na masi iliyo juu yake kuna kiwango cha ufifishaji ambacho huuzima mtetemo kabisa, gari likarudi mahali pake bila kuchezacheza. Kiwango hicho tukiite ukomo. Hupatikana hivi: zidisha ugumu wa springi kwa masi, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2.

Pengine msomaji atadhani kwamba ukomo ndio unaofaa. Sivyo. Shokapu yenye kiwango hicho huwa ngumu mno hata kila jiwe dogo hulitingisha gari zima, na gurudumu hushindwa kushuka upesi kuifuata ardhi baada ya kuvuka tuta. Magari ya kazi huridhika na kiasi cha asilimia 30 hivi ya ukomo.

Sasa tuhesabu. Tuseme kila gurudumu la nyuma hubeba kilo 400 gari likiwa tupu, na kilo 750 likiwa na mzigo na tela. Springi ni ile ile ya nyutoni 60,000 kwa mita. Gari likiwa tupu, ukomo ni 9,800 hivi. Shokapu yenye ufifishaji wa 3,000, yaani nyutoni 3,000 kwa kila mita moja kwa sekunde ya mwendo wa pistoni, ni asilimia 31 ya ukomo: hiyo ni nzuri. Likiwa na mzigo na tela, ukomo hupanda hadi 13,400, na shokapu ile ile imekuwa asilimia 22 tu. Gari sasa linadunda kuliko zamani, ingawa shokapu haijaharibika. Hii ndiyo chembe ya ukweli katika ule ushauri wa dukani.

Tukiweka shokapu ya 4,000, gari lenye mzigo hupata asilimia 30, na likirudi tupu hupata asilimia 41. Litakuwa gumu kidogo, lakini litavumilika. Je, tukichukua “ngumu kuliko zote”, mathalani ya 9,000? Siku ya mzigo itakuwa asilimia 67, na gari likiwa tupu itakuwa asilimia 92. Pikapu hiyo itarukaruka juu ya changarawe kama ndama, na matairi yake yatapoteza mshiko hasa pale dereva anapouhitaji, yaani kwenye kona na wakati wa kufunga breki.

Ni vizuri pia kuona hatari ya upande wa pili. Shokapu iliyokufa huweza kubakiwa na asilimia 5 tu ya ukomo. Gari likitupwa juu sentimita 10, baada ya mtetemo mmoja litapanda tena sentimita 7.3, kisha 5.3, kisha 3.9. Likiwa na shokapu ya asilimia 30, mtetemo wa kwanza tu huacha sentimita 1.4. Hesabu hizi ni za makadirio, kwa kuwa msuguano kati ya vyuma vya springi nao husaidia kufifisha. Hata hivyo mwelekeo wake ni sahihi.

Lipo jambo moja linalowapita hata mafundi wazoefu. Mwenye pikapu akiongeza vyuma kwenye springi ili gari lisiiname, ugumu hupanda. Tuseme kutoka 60,000 hadi 80,000. Ukomo kwa zile kilo 750 nao hupanda hadi 15,500 hivi, na shokapu ya zamani ya 3,000 hushuka hadi asilimia 19. Kwa hiyo gari limeacha kuinama, lakini limeanza kudunda zaidi. Springi zikiongezwa nguvu, hesabu ya shokapu haina budi kufanywa upya.

Vijituta vya barabara na joto

Mwaka 1963 mwanafizikia kutoka Australia, Keith Mather, alieleza katika jarida la Scientific American jinsi gurudumu linalodunda linavyouchimba udongo na kuurundika mbele yake hadi vijituta vikajipanga. Majaribio ya Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba vijituta hutokea hata kama gurudumu halina springi wala shokapu, alimradi mwendo umepita kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho barabara hubaki tambarare. Kwa hiyo shokapu bora haziwezi kuzuia vijituta visiote. Kazi yake ni kulisaidia gari kuvipita.

Na kazi hiyo ni nzito. Tuseme vijituta vimeachana kwa sentimita 70, nalo gari linakwenda kilometa 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde. Kila gurudumu litagonga vijituta 20 katika sekunde moja. Kama pistoni inacheza milimita 5 juu na milimita 5 chini, mwendo wake wa juu kabisa ni mita 0.63 kwa sekunde. Shokapu ya 3,000 hapo huzalisha joto la wati 600 hivi. Kwa saa moja, joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 6 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Shokapu halisi hulegeza vali zake mwendo unapozidi, kwa hiyo kiasi chenyewe huenda kikawa pungufu. Lakini kifaa chenye mafuta kidogo namna ile hakiwezi kupokea joto la kiasi hicho bila kudhurika.

Mafuta yakipata moto huwa mepesi na hupenya matundu bila upinzani wa kutosha. Isitoshe, nyuma ya pistoni inayokwenda mbio shinikizo hushuka na mapovu huzuka. Povu halina nguvu ya kuzuia kitu. Dereva huona gari lililoanza safari vizuri likilegea baada ya mwendo wa saa moja, kisha likapona likipoa. Mipira ya kuzuia mafuta nayo huungua, na uvujaji huanza. Katika barabara zetu, basi, swali la kumwuliza muuzaji si “Ni ngumu kiasi gani?” peke yake, bali pia “Itahimili joto kiasi gani?”

Aina za shokapu

Aina ya kwanza ni ya bomba mbili yenye mafuta matupu. Bomba la ndani hufanya kazi, na la nje huhifadhi mafuta ya ziada. Ni ya bei nafuu, na jiwe likibonyeza bomba la nje, pistoni huendelea kufanya kazi. Ila joto hutoka kwa shida, na mafuta hutoa povu upesi.

Aina ya pili ni ya bomba mbili yenye gesi ya naitrojeni ya shinikizo dogo juu ya mafuta ya akiba. Gesi hiyo huzuia povu, kama vile kizibo kinavyozuia mapovu ya soda: yakiwa yamefungiwa hayaonekani, kizibo kikifunguliwa huchemka.

Aina ya tatu ni ya bomba moja yenye gesi ya shinikizo kubwa, iliyotenganishwa na mafuta kwa pistoni ya pili inayoelea. Mvumbuzi wake ni Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, na kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ndiyo iliyoieneza kuanzia miaka ya 1950. Joto hutoka moja kwa moja kwenye ukuta wa bomba. Udhaifu wake ni kwamba ukuta huo ndio njia ya pistoni: jiwe moja likiubonyeza, shokapu imekwisha.

Kuna pia shokapu za kujazwa hewa, ambazo huinua nyuma ya gari. Hizi hubeba mzigo kiasi, lakini huupitisha kwenye vishikizo vya shokapu, ambavyo aghalabu havikuundwa kwa kazi hiyo na huweza kukatika.

Kwa pikapu ya kijijini inayovuta tela mara kwa mara, ile ya bomba mbili yenye gesi na pistoni nene ni chaguo la busara. Pistoni ya milimita 35 ina eneo karibu mara mbili ya ile ya milimita 25. Kwa kani ile ile, shinikizo la mafuta ndani yake ni karibu nusu, na mafuta ya kupokea joto ni mengi zaidi. Anayevuta tela mara chache asichukue ngumu sana, kwa kuwa siku nyingi gari lake ni tupu.

Vipimo kabla ya kununua

Mnunuzi achukue vipimo viwili kwenye gari lenyewe: urefu wa nafasi ya shokapu ekseli ikiwa imening'inia, na urefu huo springi zikiwa zimefinywa hadi kwenye mpira wa kizuizi. Shokapu ikiwa ndefu mno, itagonga mwisho kabla ya mpira kuguswa na kupasuka. Ikiwa fupi mno, itavutwa na ekseli hadi ing'oke. Gari lililoinuliwa kwa kuongezewa springi linahitaji vipimo vipya.

Mafundi wengine hukwepa tatizo la urefu kwa kuilaza shokapu na kuchomelea kishikizo kipya. Fizikia haikubali hila hiyo. Shokapu iliyolala nyuzi 30 kutoka wima hubakiwa na asilimia 75 ya ufifishaji wake; ikilala nyuzi 45, hubaki nusu.

Zinunuliwe kwa jozi, kushoto na kulia, pamoja na bushi mpya za mpira. Zile za mtumba zichunguzwe kwa mkono: isukume na kuivuta, ikiwa kuna sehemu ambapo pistoni hupita bila upinzani, ndani mna hewa au vali imevunjika. Kamwe shokapu ya gesi isikatwe wala kuchomelewa, kwa sababu huweza kulipuka.

Shokapu iliyokufa hutambuliwa kwa mafuta yaliyovuja na kushika vumbi, kwa tairi lililolika kwa mabaka, na kwa joto. Baada ya safari ya barabara mbaya, sogeza mkono karibu na kila moja, kwa uangalifu ili usiungue. Iliyo hai itakuwa ya moto, kwa maana imefanya kazi. Iliyo baridi kuliko wenzake ndiyo iliyokufa.

Mwisho, shokapu haziongezi uzito ambao mtengenezaji ameuruhusu gari kubeba au kuvuta, wala haziponyi tela linaloyumba. Kuyumba huzuiliwa hasa kwa kupanga mzigo vizuri na kupunguza mwendo.

Jaribio la darasani

Chukua kopo dogo lenye kifuniko, lijaze changarawe kiasi cha kuzama majini, na ulitundike kwa springi au kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Livute chini kidogo, liachie, na uhesabu linacheza mara ngapi kabla ya kutulia hewani. Rudia likiwa ndani ya ndoo ya maji. Kisha ongeza changarawe ndani ya kopo lile lile na urudie majini. Umbo halikubadilika wala maji hayakubadilika. Masi tu ndiyo iliyoongezeka. Wanafunzi waeleze kwa nini sasa kopo linachelewa kutulia, na jambo hilo linahusianaje na pikapu iliyofungwa tela.

Maswali

1. Tela la kilo 1,200 limeweka sehemu moja ya kumi ya uzito wake juu ya kulabu, mita 1.0 nyuma ya ekseli. Umbali kati ya ekseli za gari ni mita 3.0. Magurudumu ya mbele yamepunguziwa kani kiasi gani?

2. Springi ina ugumu wa nyutoni 60,000 kwa mita, na masi juu yake ni kilo 500. Tafuta ufifishaji unaotakiwa ili kupata asilimia 30 ya ukomo.

3. Fundi amelaza shokapu nyuzi 60 kutoka wima. Imebakiwa na sehemu gani ya ufifishaji wake? Je, ungekubali gari hilo limpeleke mgonjwa usiku? Toa sababu.